Jogoo la ndani ya saa: shajara ya kunakishi upya

Jumamosi, 11 Januari 2025

Imefika. Kifurushi kidogo kama kiberiti, pamba tele, na ndani yake mashine ya saa ya mfukoni ya Kiingereza isiyo na kasha wala akrabu. Uso wake wa enameli umepasuka kuanzia kwenye IX, penye saa tatu yetu, hadi ukingoni. Nimeilipia pauni 45. Mke wangu akauliza kama inafanya kazi. Nikasema bado. Akauliza kama itafanya. Nikaenda kubandika chai.

Kasha kukosekana si ajabu. Makasha yalikuwa ya fedha au dhahabu, na aliyerithi saa mbovu huuza kasha kwa uzito, kilichomo kikabaki kwenye mkebe wa vifungo. Kinachonikera ni kipande kingine. Juu ya balansi, lile gurudumu linalokwenda na kurudi, panatakiwa kuwe na kishikizo cha shaba kinachosimama kwa mguu mmoja, kikaifunika balansi kama mwavuli na kushika ncha ya juu ya ekseli yake. Waingereza hukiita jogoo. Wafaransa nao vivyo hivyo. Basi na mimi nitakiita jogoo, ila nitasema jogoo hili na majogoo haya, msije mkadhani nafuga.

Katika saa za Kiingereza za karne ya 18, urembo wote ulimiminwa hapo. Jogoo lilitobolewa likawa kama lesi, kisha kila kipande kilichosalia baina ya tundu na tundu kikachorwa kwa mkono: majani, mashada ya maua, ndege, uso wa mtu. Na mwenye saa haoni kitu! Ili alione, lazima atoe kasha la ndani kutoka kwenye la nje, afungue kioo, asukume kitasa kwa ukucha, ndipo mashine ibinuke kwenye bawaba yake. Wangapi walijisumbua? Fundi ndiye aliyeliona, kila saa ilipoharibika.

Yangu haina jogoo. Balansi imekuja peke yake, imefungwa kwenye kijikaratasi. Kazi ya mradi huu ni hiyo: nitengeneze jogoo jipya, nilitoboe, nilinakishi kwa mkono, na saa itembee. Kibandani kwangu hapa Birmingham kazi yangu ya kila siku ni kubadilisha betri na mikanda. Kunakishi sijawahi, isipokuwa jina moja kwenye bangili ya mtoto, na hilo nalo lilikwenda upande.

Jumapili, 12 Januari

Vipimo. Bamba la juu lina kipenyo cha milimita 38.4. Balansi 20.6. Baina ya bamba na mahali jogoo linapotakiwa kuwa pana nafasi ya milimita 2.7.

Jina la fundi na neno London vimechorwa ukingoni, pamoja na nambari ya tarakimu nne. Nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu saa nyingi za zama zile zilitengenezwa bara Ulaya kisha zikaandikwa London ili ziuzike. Zenye jina la Tarts ndizo maarufu zaidi. Lakini zile kwa kawaida jogoo lake lina miguu miwili, huku na huku, kama daraja, kwa mtindo wa Kifaransa na Kiswisi. Bamba langu lina tundu moja tu la skrubu na vitundu viwili vya pini kandoni mwake. Mguu mmoja. Mwingereza huyu.

Kisha nikaona kitu ambacho muuzaji hakukipiga picha. Nimeshika bamba chini ya taa, nikaliinamisha, na pale palipokuwa na mguu wa jogoo pametokea kivuli. Dhahabu iliyopakwa kwenye bamba, pale chini ya mguu, imebaki mpya na ya njano, na pale hewa na moshi vilipopenya kupitia matundu ya nakshi, imefifia ikawa rangi ya chai ya rangi. Kwa miaka mia mbili na ushei jogoo limejipiga picha juu ya bamba! Naona jani moja kubwa linalojikunja upande wa kushoto, jani linalofanana nalo upande wa kulia, na katikati kitu kama kikapu. Mguu ninao. Sehemu ya duara, ile inayofunika balansi, haikugusa bamba, kwa hiyo haikuacha alama. Hiyo itabidi niibuni.

Jumamosi, 18 Januari

Nimechora kwa penseli kutwa. Nimekipiga kivuli picha, nikakikuza mara kumi, nikakifuatisha kwenye karatasi ya kupitisha mwanga.

Ukubwa wa jogoo unatokana na springi. Kabla ya 1675, mwaka Christiaan Huygens, mwanasayansi Mholanzi, alipotangaza springi ya balansi, saa za mfukoni zilikuwa na balansi ndogo isiyo na springi, na jogoo lake dogo, la mviringo wa yai. Springi ilipoingia balansi ikakuzwa, jogoo likatanuka pamoja nayo, na mafundi wa London wakajikuta na uwanja mpana wa kuchorea. Mwanzoni michoro ilipangwa sawasawa, kushoto kama kulia. Karne ya 18 ilipofika katikati mtindo ukalegea, majani yakaanza kupinda yanavyotaka. Baadaye mguu ukaachwa bila matundu, na mwishoni jogoo zima likawa kipande cha shaba chenye mistari michache ya haraka. Mguu wangu umetobolewa na una usawa wa pande mbili, kwa hiyo nimechora duara la kufuatana nao: kikapu cha maua katikati, majani yanayotoka kwake, ndege wawili wanaotazamana, na shingoni, pale duara linapokutana na mguu, uso wa mtu kama ilivyokuwa desturi.

Jioni nikampigia mama Mombasa, simu ya video, nikamwonyesha mchoro.

"Na uso wa mtu wa nini, mwanangu?"

Nikamwambia ndivyo walivyofanya.

"Wao walifanya. Wewe?"

Sikubishana. Uso umeondoka, nimeweka kombe la pwani. Makombe nayo walikuwa wakiyachora sana, kwa hiyo sijaharibu kitu. Ndege nikawatetea. Nikamwambia hata hiyo kanga uliyojitanda jina lake ni ndege. Akacheka, ndege wamepita.

Jumamosi, 25 Januari

Nimenunua shaba ya manjano ya kunakishi, unene wa milimita 5. Ina risasi kidogo ndani yake, ndiyo maana hukatika kwa urahisi bila kung'ang'ania chuma. Jogoo ni kipande kimoja chenye ngazi mbili, mguu chini na duara juu, kwa hiyo shaba nyingi lazima iondolewe kwa msumeno na tupa. Siku nzima. Vumbi la shaba mpaka kwenye nyusi.

Jumamosi, 1 Februari

Kutoboa. Kila tundu linaanza kwa kekee, ncha ya nusu milimita, kisha unapitisha uzi wa msumeno wa sonara, namba 8/0, unene wake haufiki robo ya milimita. Unaupaka nta ya nyuki, unakata polepole ukifuata mstari. Matundu 58 kwenye duara, 14 kwenye mguu. Leo nimemaliza 19 na kukata nyuzi 11.

Jumapili, 9 Februari

Nimeharibu.

Matundu yalikwisha jana, yote 72, na nilijiona mtu. Leo nikaligandisha jogoo juu ya kipande cha mti kwa lakiri, nikaanza kuchora jani la kwanza. Kalamu (naiita kalamu, ni fimbo ya chuma cha pua yenye ncha ya pembe nne iliyonolewa kwa mshazari, na mpini wa mti kama uyoga) ikakwama, nikasukuma zaidi, ikachomoka. Imekata kikonyo cha ua upande mmoja, ikaruka tundu, ikakunja kikonyo cha pili na kusimama kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto. Damu kwenye shaba. Jogoo la kwanza limekufa kabla ya kuwika.

Kosa ni kutoboa kwanza. Nilidhani ni kama kofia ya viua, unatoboa kisha unashona. Shaba iliyokwisha kutobolewa haina nguvu ya kupokea msukumo wa kalamu. Vikonyo vyenye upana wa nusu milimita vinapinda kama majani ya mgomba. La pili nitachora mistari mikubwa shaba ikiwa nzima, kisha nitoboe, kisha nimalizie vilivyo vidogo.

Jumamosi, 15 Februari

Kosa la pili nimeambiwa leo. Kuna mzee, Mwingereza, alikuwa mnakshi katika mtaa wa masonara hapa Birmingham kabla ya kustaafu, huleta saa yake kwangu kila mwaka kubadilisha betri. Nikamwonyesha jogoo lililokufa. Hakulitazama. Akaomba kalamu. Akaigusisha kwenye ukucha wa kidole chake gumba, kwa uzito wake tu bila kuisukuma, ikateleza. Akanirudishia. "Hii ni kijiko," akasema.

Kalamu iliyonolewa sawasawa hung'ata ukucha papo hapo. Ikiteleza kwenye ukucha itateleza kwenye shaba. Tukanoa pamoja nyuma ya kaunta, kwanza kwenye jiwe la almasi, kisha kwenye la seramiki mpaka uso wa ncha ukawa kioo. Akanionyesha na kisigino, ule mkato mdogo chini ya ncha wa kama digrii 15 unaoifanya kalamu itembee chini ya ngozi ya shaba bila kuzama.

Kisha akachora. Nimetazama mkono wake kwa dakika tano na nadhani nimejifunza zaidi ya mwezi mzima. Mkono wa kulia karibu hautembei. Kazi iko juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, na mkono wa kushoto ndio unaozungusha mfuko, shaba ikaja kwenye kalamu. Ukitaka mkunjo, unazungusha. Ukitaka mstari uwe mnene, unalaza kalamu kidogo upande huku unazungusha. Mbele ya ncha shaba inachirizika na kujikunja kama nazi mbele ya mbuzi. Jani zima, mikato minne. Mimi ningetumia thelathini.

Jumamosi, 22 Februari

London kwa basi, kwenda na kurudi siku moja. Makumbusho ya chama cha mafundi saa, chama chenyewe cha tangu 1631, yamo ndani ya Makumbusho ya Sayansi tangu 2015 na kuingia ni bure. Nimesimama mbele ya vioo mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Shida ya kioo ni kwamba huwezi kuinamisha saa kwenye mwanga, na nakshi isiyoinamishwa haisemi. Nimerudi na picha tisini, sita zinafaa.

Jumamosi, 8 Machi

Ramadhani wiki ya kwanza, na mnada wa vitu vya kale kilomita chache nje ya mji. Nilikwenda kutafuta uso wa enameli. Nimekuta bangili.

Majogoo saba. Yameunganishwa kwa vipete vya fedha, kila moja limekatwa mguu na kusafishwa ukingo likabaki duara tupu, na katikati, pale palipokuwa na tundu la ekseli, limetiwa kijiwe cha kioo. Tangu karne ya 19 masonara walikuwa wakiyanunua majogoo ya saa zilizovunjwa na kuyafanya vipuli, mikufu, bizimu. Nilijua. Ila kuyashika ni kitu kingine. Mwenye meza, mama wa makamo, aliniambia ni ya bibi yake na bei yake pauni 280. Nikamwomba niyatazame kwa lenzi. Akasema tazama, huna mahali pa kukimbilia.

Nilikaa hapo saa nzima. Mashine saba za saa zilizouawa ili mtu avae mkononi, na papo hapo hiyo ndiyo sababu majogoo haya yapo. Makasha yake yaliyeyushwa, mashine zikaenda na taka, haya yakaponea kwenye mkono wa bibi.

La tatu ndilo lililonishika. Lina ndege, mmoja tu, ametupwa pembeni ya kikapu. Bawa lake ni mikato mitano. Nimehesabu. Kila mkato unaanza kwa ncha kali, unanenepa, kisha unatoka nje ya shaba kwa mkia mwembamba kama nywele, na mkia wa mkato wa nne umepitiliza ukaingia kwenye jani la jirani. Hakuurekebisha. Jicho ni nukta moja, imegongwa siyo kuchorwa. Majani ya kushoto na ya kulia hayafanani hata kidogo ukiyatazama kwa lenzi. Kwa macho matupu yako sawa kabisa. Na mistari ya kujipimia, ule msalaba mwembamba wa kugawa duara, bado unaonekana chini ya maua. Hakuufuta.

Yule mtu alikuwa na haraka. Saa ya London ilipita mikono mingi, huyu magurudumu, huyu mnyororo mwembamba wa ndani unaovuta magurudumu, huyu kuchovya dhahabu, huyu kutoboa na kuchora, na mara nyingi mashine ghafi ilianzia Prescot huko Lancashire kabla haijafika mjini kumaliziwa. Jina linaloandikwa kwenye bamba ni la mwenye duka. Mchoraji hana jina popote, analipwa kwa kipande, na anajua kazi yake itafungiwa gizani. Kama mimi ningekuwa yeye ningechora mistari kumi nikaenda nyumbani. Yeye akaweka ndege.

Nikirudi nyumbani nimetoa mchoro wangu na ule mfano niliouchora kwenye bamba la mazoezi. Kila jani limepimwa, kila mkunjo una mwenzake. Ni safi. Unafanana na nakshi ya sahani za plastiki.

Jumamosi, 15 Machi

Jogoo la pili lilikuwa tayari kwa kuchorwa tangu Jumatano. Tatizo ni kufunga. Mchana sina mkono. Baada ya alasiri vidole vinatetemeka, na baada ya futari mwili unataka mto. Nimegundua saa nzuri ni baada ya daku. Nakula, naswali, nakaa mezani saa kumi na moja alfajiri, na saa moja lazima nitoke kwenda kibandani. Saa mbili tu.

Siku mbili za kwanza nilikuwa nakata nikisimama kutazama kila mkato. Jana nilimpigia mama baada ya daku, kwao kulikwishapambazuka, nikaacha simu imesimama mezani huku nafanya kazi. Mama ameshona kofia za viua maisha yake yote. Kila kofia ina vitundu vidogo mamia na mamia, kila kimoja kimezungushiwa uzi. Akanitazama kidogo.

"Mbona wasimama kila mara?"

"Natazama kama imetoka sawa."

"Na ikiwa haikutoka sawa utafanyaje? Utairudisha shaba?"

Nikanyamaza.

"Mimi nilikuwa nashona huku nimtazama mwenzangu usoni tukizungumza. Ukikodolea sindano, yakuchoma."

Basi akaanza kunipa habari za harusi ya binti wa jirani, nani alikuja na nani hakualikwa na kwa nini, na mimi nikawa najibu ehe, ehe, nazungusha mfuko wa mchanga. Alipofika kwenye ugomvi wa pilau nilikuwa nimemaliza majani yote ya upande wa kushoto. Nimeyatazama leo kwa lenzi. Mawili yamepitiliza. Moja ni nono kuliko wenzake. Yanaishi.

Jumapili, 23 Machi

Kombe la shingoni limechukua asubuhi nne, kwa sababu pale shaba inashuka ngazi na kalamu lazima ipande kilima. Limetoka na kovu: mkato mmoja umeteleza milimita mbili juu ya mbavu za kombe. Nimelisugua kwa chuma laini cha kung'arishia mpaka likafifia, ila anayejua atalipata.

Kutoboa kumekwenda vizuri zaidi safari hii, nyuzi 20 tu zimekatika. Na ndege. Mikato mitano kila bawa. Wa kulia kapendeza. Wa kushoto ana shingo nene.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, biriani limekwisha, turudi kazini.

Kuchovya dhahabu. Zamani walitumia zebaki: dhahabu inayeyushwa ndani yake mpaka inakuwa kama siagi, inapakwa juu ya shaba, kisha inachomwa motoni zebaki ikaondoka kwa mvuke na dhahabu ikabaki imeshikana na shaba. Wachimbaji wadogo wa Geita na Migori wanaijua kazi hii, ila wao wanaitafuta dhahabu na wachovyaji wa London walikuwa wanaibandika. Mvuke ni ule ule. Wachovyaji walitetemeka mikono, meno yakawadondoka. Dhahabu yao ina sura ambayo umeme hauipati kwa urahisi, haing'ai, ina punje laini kama ngozi ya yai.

Mimi nimepeleka kwa umeme, kwenye karakana moja ya hapa mjini. Niliandika kwenye karatasi: isiyong'aa. Imerudi inametameta kama bangili za maduka ya mitumba, na mikato yangu myembamba imejaa. Nikawarudishia, wakasema mteja wa kwanza huyo kulalamika kuwa kitu kinang'aa. Wameiondoa. Nikaisugua shaba kwa unga wa jiwe la povu na burashi ya nyuzi za shaba, kwa maji ya sabuni, mpaka ikapata ukungu, ndipo wakaichovya tena kwa dakika chache tu. Safari hii iko karibu. Haijafika, ila iko karibu.

Kabla ya kuichovya nilikwangua mwaka na herufi zangu chini ya mguu, mahali patakapofunikwa. Jogoo hili linafuata kivuli cha lile la zamani, na miaka hamsini ijayo mtu anaweza kuliuza kama la zamani. Akilifungua atakuta 2025. Chini ya uso wa enameli kuna mikwaruzo mingine mitatu ya mafundi waliopita, herufi na tarehe, wa mwanzo ameandika 1794. Nimejiongeza hapo pia, wa nne.

Jumamosi, 12 Aprili

Jiwe na skrubu.

Ncha ya ekseli inageukia kwenye tundu la shaba na kusimama juu ya jiwe gumu. Nicolas Fatio, Mswisi aliyehamia London, ndiye aliyepata njia ya kutoboa yakuti kwa ajili ya ekseli za saa, na mwaka 1704 yeye na ndugu wawili Debaufre wakapewa hataza yake. Kwa miaka mingi ufundi huo ulikuwa wa Waingereza, ndiyo maana saa zao nzuri zina almasi ndogo inayokukodolea macho katikati ya jogoo. Almasi siwezi. Nimeng'oa yakuti ya kutengenezwa kwenye saa ya Kiswisi iliyokufa, imo kwenye droo yangu ya mizoga tangu 2019.

Skrubu nimeitia buluu. Unaiweka juu ya vumbi la shaba ndani ya kisahani, moto wa spiriti chini. Chuma kinageuka njano ya nyasi kavu, kisha kahawia, zambarau, halafu ghafla, kwenye kama digrii 300, buluu ya bahari ya kina. Unatoa hapo hapo. Ukipepesa jicho inakwenda kijivu. Nilipepesa mara mbili. Ya tatu ndiyo iliyoingia.

Jumamosi, 19 Aprili

Saa nne asubuhi nimekaza skrubu, nimeinua jogoo mara tatu kurekebisha urefu wa mguu (tupa moja, mbili, jaribu, tupa moja, jaribu), nikatia mafuta kwenye ncha, nikakaza ufunguo nusu mzunguko. Kimya. Nikaigusa balansi kwa unywele wa burashi.

Sauti ya saa hizi si ya saa za leo. Ni nzito, ya kugonga na kujibu, kama mtu anayetembea na fimbo kwenye sakafu ya mbao. Imekwenda dakika arobaini, ikasimama. Nimesafisha ncha ya chini, ikaanza tena. Kufikia magharibi ilikuwa imekimbia mbele dakika nne. Saa ya namna hii haikutegemewa kuwa sahihi hata ilipokuwa mpya, kwa hiyo sina haraka na hilo.

Balansi inapokwenda, mwanga unapita kwenye matundu na kukatika, unapita na kukatika, na majani yanaonekana kama yanapepea. Hili sikulijua. Kwenye picha halionekani, kwenye bangili haliwezi kuonekana, na makumbusho saa zote zimesimama. Nimekaa nalitazama mpaka chai ikapoa.

Usiku nikampigia mama, nikasogeza simu mpaka lenzi ikakaribia kugusa mashine. Akavaa miwani. Akatazama kitambo.

"Mashallah. Kikapu nimekiona. Maua nayaona." Akasogea. "Huyu wa kushoto mbona kama kuku?"

Nikamwambia kwa Kiingereza kipande chenyewe kinaitwa jogoo.

"Ah," akasema. "Basi umepatia."

Wiki ijayo ni mnyororo. Kiungo kimoja kimelegea karibu na kulabu, na kila nikikaza ufunguo hadi mwisho unatoa mlio nisioupenda.